Upepo ulikuja, maji hayakuja: uchambuzi wa mbio za mashua za kufunga mwaka kijijini kwetu

Jumamosi tarehe 27 Disemba 2025, saa 9 na dakika 20 mchana, mashua tano kati ya tisa zilikua zimepwelewa juu ya fungu la mchanga mbele ya kijiji chetu, matanga yametuna kwa upepo wa kaskazi na vyombo haviendi popote. Aliyewahi kuona tanga limejaa na chombo kimesimama pale pale anajua ile hali inavotia uchungu, mlingoti unalia, mabaharia wameruka majini wanasukuma kwa mabega maji yakiwa magotini, na pwani nzima imenyamaza manake kila mtu anaelewa anachokiona. Mimi ndo nlikua mweka hazina wa kamati iliyopanga siku ile, na programu niliichapa mwenyewe, kwa hivo haya siyo ya kusimuliwa. Nayaweka yote hapa manake tangu siku ile maneno yamekua mengi, wengine wanasema tulirogwa, wengine ni jicho la watu, wengine wanalaumu wageni, na mi nikikaa nikipanga mambo vizuri naona sababu ilikua juu mbinguni, kila usiku tunaitazama.

Kijiji sikitaji, watu wa Lamu mtakijua tu. Kiko upande wa kisiwa unaotazama bara, ule wa kina Matondoni na Kipungani, siyo mjini Amu penye wageni mwaka mzima wala siyo Shela. Huku watu ni wavuvi, mafundi wa vyombo na wakata boriti, kina mama wanasuka mikeka na kupika, na mtu akija lazima awe amekusudia kuja. Pesa ya msimu ikiingia Lamu sisi huisikia kwa mbali kama ngoma ya kijiji cha pili.

Na msimu wenyewe ndo Disemba. Kwa Wazungu ni baridi kali na theluji ndo wanakimbia wanakuja kwetu, kwa wenzetu wa Mpeketoni na Witu kule bara ni Krismasi, watu wanachinja na jamaa wanarudi nyumbani, na kwetu ni kaskazi, joto, asubuhi bahari imelala kama sahani alafu mchana upepo unaamka. Idi zetu hazina mwezi wa Kizungu maalum, zinazunguka, kwa hivo Disemba yenyewe haina jambo la dini kwetu ila ina jambo la watu: shule zimefungwa, vijana waliokwenda Mombasa na Nairobi kutafuta wamerudi, harusi zimepangana kila wiki. Ndo tukaona kwa nini tusiwe na siku yetu moja, ya kijiji, watoto waone mashua zikishindana mbele ya baraza zao, na kina mama wapate chochote.

Mara ya kwanza tuliifanya Jumamosi tarehe 28 Disemba 2024. Hatukua na kamati ya maana, tulikua watu wanne watano na kelele nyingi. Asubuhi mbio za punda, adhuhuri bao chini ya mwarobaini, saa 9 mbio za mashua, baada ya mbio chakula, alafu kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, na zumari mpaka Maghrib. Wallahi ilikua siku nzuri. Maji yalikua yamejaa mpaka karibu na kuta za nyumba za mwanzo, mashua sita zikapita juu ya lile fungu kama halipo, zikazunguka boya zikarudi kwenda bisho, yaani kukata huku na huku dhidi ya upepo, mpaka mbele ya gati, watoto wanakimbia ufukweni wakifuata tanga la baba zao, na wageni waliotokea kwa bahati tu na boti zao wakashuka wakala wakalipa. Mama mmoja aliuza mahamri yote mpaka akarudi nyumbani kukanda unga tena.

Sasa hapo ndo kosa lilipozaliwa, kwenye siku iliyofaulu. Mambo yakienda vizuri hakuna anayeuliza kwa nini yameenda vizuri. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza mbona maji yalikua yamejaa saa ile. Tulidhani ni kawaida.

Mwaka 2025 tukajipanga kweli kweli. Kamati ya watu tisa, grupu ya WhatsApp, barua kwa chifu, ruhusa ya polisi, vijana wa BMU (kikundi cha kusimamia ufukwe wa wavuvi) wakaleta boti mbili za kuokoa watu na laifjaketi za kuazima. Hoteli moja ya upande wa pili (jina silitaji) ikakubali kutoa zawadi ya mshindi wa kwanza na wa pili na kuleta wageni wake, sharti lao moja tu, mbio ziwe saa 9 manake wageni wanakula mchana kwanza na jioni wana safari yao ya kwenda kutazama jua likizama. Saa 9 ilikua ile ile ya mwaka uliopita, sisi tukaona ni sawa tu. Nikafungua programu ya 2024 kwenye simu, nikabadilisha 28 kuwa 27, nikabadilisha mwaka, nikaongeza mbio za kuogelea za watoto asubuhi, nikaituma kwenye grupu. Watu wakaweka vidole gumba. Ikachapishwa mjini, karatasi za rangi, ikabandikwa mpaka kwenye gati la Mokowe kule bara.

Kwenye ile grupu ya watu tisa alikuwemo mwalimu, alikuwemo kijana wa boti za wageni, alikuwemo mwenye duka, mimi, wawili wanaokaa Mombasa, dada mmoja wa upishi, na vijana wawili wa mpira. Nahodha hakua hata mmoja. Siyo kwamba tuliwakataa, hapana. Manahodha wetu wakubwa wengi wana simu za vibonyezo, na grupu ni grupu, ukishaifungua watu wanaoingia ni wale walio na simu kama yako. Kijiji kina wazee wasiopungua kumi ambao ukiwaamsha usiku wa manane ukawauliza kesho saa 9 fungu lile litakua na maji kiasi gani watakujibu bila kufikiri, na hakuna mmoja aliyeulizwa. Hili ndo linaloniuma zaidi katika kisa chote.

Siku ikafika. Asubuhi ilikua na baraka zote. Saa 4 maji yalikua juu, watoto wakaogelea pale mbele ya gati, punda wakakimbizwa, kijana wa miaka 13 akashinda na kijiji kikambeba. Na yale maji ya asubuhi ndo yaliyotudanganya, manake tuliona bahari imejaa tukasema alhamdulillahi leo maji yapo. Kumbe kama maji yamejaa saa 4 asubuhi basi mtu yeyote wa pwani akihesabu masaa sita anajua saa 10 jioni yatakua wapi. Tuliona dalili, tukaifurahia, hatukuisoma.

Kama saa 7 na nusu baada ya swala ya Adhuhuri akanijia mzee mmoja, nahodha, miaka yake imepita 70, kwa nasaba ni ami yangu. Alikua amesikia saa ya mbio asubuhi ile ile kutoka kwa mjukuu wake aliyemsomea karatasi. Akanivuta pembeni asinifedheheshe mbele za watu, akaniambia, "Mwanangu, saa tisa hapo funguni hamna mai. Hii ni mai mafu, na yanapwa." Yaani maji mafu, yale ya mwezi nusu, yasiyojaa sana. Nikamjibu kwa adabu lakini jibu lenyewe halikua la adabu, nikamwambia ami, programu ishatoka na wageni washapanda boti. Akaniangalia kidogo, akashika bakora yake akaenda kukaa chini ya mwarobaini. Hakusema neno tena. Nilikua bado na saa nzima na nusu ya kubadilisha mambo, nikaitumia kupanga viti.

Boti za wageni zikafika, watu kama 40. Mashua tisa zikapangwa, nyingine zimetoka vijiji vya jirani, zimepakwa deheni mpya chini (mafuta ya kuzuia maji), zimetiwa farumi, uzito wa kutuliza chombo, ya magunia ya mchanga, matanga meupe safi. Saa 9 na dakika 5 bendera ikashushwa. Dakika kumi za kwanza zilikua nzuri kuliko mwaka uliopita manake kaskazi ilikua imeshika barabara. Alafu iliyoongoza ikafika funguni ikasimama ghafla, mabaharia wawili wakatupwa mbele, mmoja akapasuka juu ya jicho (alishonwa, yuko salama). Ya pili ikajaribu kukata upande ikapanda mchanga. Ya tatu, ya nne, ya tano. Zilizonusurika ni madau mawili na mashua mbili ndogo zilizoanza vibaya zikabaki nyuma, nahodha wao wakaona wenzao wamekwama wakazunguka nje kwenye mkondo wenye kina, wakaenda mbali, wakarudi peke yao.

Tukatangaza kwa kipaza sauti tusubiri kidogo maji yarudi. Hilo nalo lilikua neno la mtu asiyejua. Maji mafu yanaporudi yanarudi polepole na hayana haraka, kujaa kwenyewe kungekua karibu na saa 4 usiku. Wageni wakasubiri mpaka saa 10 na robo, kijana wao wa boti akatazama saa, wakaondoka. Na chakula kilikua kimepangwa baada ya mbio. Wali wa nazi masufuria mawili makubwa, samaki wa kupaka, viazi vya karai, kaimati, juisi za ukwaju, vyote vimefunikwa kawa vinawangoja watu ambao boti zao zilikua zishatia moto.

Jioni ikageuka ugomvi. Mwenye dau aliyefika wa kwanza anadai zawadi yake, kwa haki, alifika. Mwenye mashua iliyokua inaongoza anasema yeye kafuata njia iliyochorwa na kamati, waliozunguka nje wamevunja kanuni, na yeye ana mtu kashonwa. Wote wawili wana hoja. Kirumbizi hakikuchezwa, manake ngoma ya fimbo watu wakiwa na hasira siyo ngoma tena, wazee wakaikataza na wakafanya vizuri.

Sasa nije kwenye uchambuzi wenyewe, manake kusimulia tu hakutoshi.

Jambo la kwanza ni hesabu ya mwezi. Bahari yetu haijui Jumamosi wala Disemba. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu baada yake ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu bamvua hujaa mida ya saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa mida ya saa 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na masaa yanageuka, yanajaa mida ya saa 4 na kupwa mida ya saa 10. Tarehe 28 Disemba 2024 mwezi ulikua unakwisha, mwandamo ulikua siku tatu hivi mbele, kwa hivo maji yalikua yanaelekea bamvua na yalijaa kama saa 8 na nusu mchana. Saa 9 tulipoanza yalikua bado yamejaa. Tarehe 27 Disemba 2025 ilikua Rajabu, mwezi wa siku sita saba, nusu kamili. Saa 9 maji yalikua karibu yamekwisha kupwa.

Mtu atasema, na niliambiwa hivi kwenye kikao, kwamba maji mafu hayapwi sana, hayaachi fungu wazi kama bamvua. Kweli kabisa, halikua wazi, lilikua na maji ya magotini. Lakini mashua iliyopakia mabaharia kumi na farumi haiogelei kwenye maji ya magotini. Kwenye bamvua maji yetu yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, kwenye maji mafu ni mita moja na kitu. Ukilinganisha saa 9 ya siku ile ya 2024 na saa 9 ya siku hii, pale pale funguni, tofauti ni kama mita 2. Mwaka wa kwanza mashua zilipita juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, mwaka wa pili mtu angeweza kusimama asilowe kiuno. Fungu halikusogea. Saa haikubadilika. Tarehe tulibadilisha siku moja tu. Mwezi ndo ulisogea, manake mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, na siku 10 za mwezi zinatosha kukutoa kwenye maji tele kukutia kwenye maji mafu.

Nikafikiria sana baada ya hapo kuhusu Maulidi. Maulidi ya Lamu, ya msikiti wa Riyadha aliyoyaanzisha Habib Swaleh, yanasomwa mwisho wa Mfunguo Sita kila mwaka, na katika siku zile kuna mashindano ya mashua, ya punda, ya kuogelea, ya bao, kila mtu anayajua. Kwa kalenda ya ukutani yanahama, mwaka huu mwezi huu, miaka michache mbele mwezi mwingine kabisa, na watu wa ofisi wanalalamika hawawezi kupanga likizo. Lakini kwa mwezi ni zile zile siku za mwisho, hazisogei mbali, na tarehe ya mwezi isiposogea mbali basi maji nayo hayasogei mbali kwa saa zile zile. Saa iliyofaa mwaka mmoja, ukiisogeza kidogo, itafaa mwaka wa pili na wa kumi. Wazee wetu walipofunga sherehe kwenye mwezi walikua wamefunga na bahari humo humo, hawakuhitaji kuandika mahali. Sisi tukaichukua ile sherehe, mashua zile zile, punda wale wale, tukaihamishia kalenda ya jua tukadhani tumehamisha tarehe tu. Tuliacha kitu njiani na hatukujua tumekiacha.

Na wala sisemi kalenda ya jua ni mbaya au ni ya kigeni, hapana. Manahodha wa zamani walikua na hesabu ya jua pia, ile ya Nairuzi, Siku ya Mwaka, wanahesabu miongo, siku kumi kumi, wanajua mwongo gani kaskazi inaanza na mwongo gani wa kusafiri na wa kutopandisha tanga. Manake upepo unafuata jua na maji yanafuata mwezi, na mtu wa chombo alitembea na hesabu zote mbili kichwani kwa wakati mmoja. Ndo maana siku yetu upepo ulikuja vizuri kabisa kama mwaka uliopita, kaskazi ya Disemba haikuhitaji kuulizwa. Nusu ya hesabu tulikua nayo.

Jambo la pili ni pesa na saa ya mwenye pesa. Wengi kijijini wanataka hoteli ibebe lawama na mi sikubali. Wale walisema saa 9 kwa sababu zao na walikua na haki ya kusema wanachotaka. Kazi ya kuwaambia "saa hiyo haifai, ya asubuhi inafaa, maji yatakua juu saa 4" ilikua yetu, na ninaamini kabisa tungewaambia mwezi mmoja kabla wangekubali, wageni wangeletwa baada ya kifungua kinywa na mahamri yangekwisha kabla ya adhuhuri. Ila tuliogopa. Tuliona kwamba mtu akitoa zawadi hatakiwi kusumbuliwa na maswali. Na woga huo siyo wa kamati yetu peke yake, nimeuona kwenye mambo mengi ya msimu huku kwetu, mgeni akitaja saa sisi tunaitikia, alafu tunaanza kutafuta vipi bahari itaitikia.

Jambo la tatu, na hili nataka lisomwe vizuri, ni kina mama. Mashua zilizokwama ziliondoka usiku maji yalipopanda, hazikuvunjika kitu. Pesa ya hoteli haikupotea. Aliyepoteza kweli ni mama aliyekopa chamani, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua mchele, nazi, samaki na mafuta, akakaa jikoni tangu saa 9 za usiku. Kina mama saba. Tuliwaambia watu 40 watakula na tukaweka chakula baada ya mbio, yaani tulifunga riziki yao kwenye demani, kamba ya tanga, ya mashua isiyo yao. Mbio zilipokwama chakula kikakwama. Wangeuza tangu asubuhi, wageni wakifika tu wakaribishwe wale kwanza, hata mashua zote tisa zingezama wangekua wamepata chao. Dada aliyekuwemo kwenye kamati alilisema hili mwezi wa kumi na moja, ninao ujumbe wake kwenye simu mpaka leo, "chakula kiwe kabla", na juu yake kuna ujumbe kumi wa watu wanabishana rangi ya fulana. Hakuna aliyemjibu. Hata mimi.

Usiku ule chakula kingine kiliuzwa nusu bei, kingine kikapelekwa madrasa watoto wakala. Mama mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sikulaumu, lakini Jumatatu chama kinakaa." Upole ule ulinilaza macho.

Ijumaa tarehe 2 Januari baada ya swala tulikaa, safari hii barazani, siyo kwenye simu, na wazee wapo. Zawadi ya kwanza ikakatwa sehemu mbili, aliyefika na aliyekua anaongoza, hakuna aliyeridhika lakini wote walipokea. Kwa kina mama tukatoa kilichobaki kwenye hazina, hakikufika hata nusu ya walichotumia, na mimi na mwenzangu mmoja tukaongeza cha mifukoni. Bado kuna deni na bado najiona nalo.

Pale pale ami yangu akasema kitu ambacho kila mzee pale alikua anakijua. Kesho mwezi mpevu. Kesho saa 10 maji yatajaa. Mashua bado ziko, vijana wa Mombasa wengine hawajaondoka, shule hazijafunguliwa.

Jumamosi tarehe 3 Januari 2026 tukazirudia. Hakukua na karatasi za rangi wala mgeni hata mmoja, wala zawadi, isipokua mbuzi aliyetolewa na mwenye duka. Mashua saba zilikuja. Zilianza saa 9 na nusu, maji bado yanapanda, lile fungu halionekani, na mzee mwenyewe ndo aliyeshusha bendera akiwa amekaa kwenye kiti chake pale gatini. Ile iliyokua inaongoza wiki iliyopita ikakwama ndo ilishinda kwa urefu wa chombo kimoja na nusu. Kirumbizi kikachezwa. Kina mama wachache walipika kidogo tu, mahamri na mbaazi, wakauza kuanzia saa 8, kabla ya bendera. Lakini wale vijana ambao likizo yao ilikwisha tarehe 1 hawakuiona, na mtoto wa miaka 13 aliyeshinda mbio za punda alikua amesharudi Malindi kwa mamake, alikua anaomba tangu Novemba aone mashua.

Kamati ya mwaka huu ina manahodha watatu, na vikao ni barazani baada ya Isha, anayetaka kuandika kwenye simu aandike baadaye. Hesabu ishafanywa mapema. Mwezi mpevu wa Disemba 2026 ni alfajiri ya tarehe 24, Jumamosi inayofuata ni tarehe 26, bamvua bado lipo, maji yatajaa kama saa 11 na kidogo jioni. Wazee wanataka bendera ishuke saa 10 kamili ili mashua zipite funguni maji yakiwa yanapanda na watu wawahi Maghrib. Kina mama wanataka wageni wafike saa 7 wale kwanza, na wanataka nusu ya pesa ya chakula wapewe mkononi wiki moja kabla. Barua ya hoteli nimeiandika mimi, yote mawili yamo, na safari ya kutazama jua likizama tumewaomba waifanyie hapa hapa kwetu, juu ya gati. Naipeleka kwa mkono Jumatatu.